Ngoma ya Bujora na Chungu cha Ikombe



Mwezi huu tuache kidogo habari za mbolea na wadudu wa pamba. Twende safari.

Kazi ya ugani imenizungusha sana katika nchi yetu. Nimekaa Usukumani, upande wa ziwa Victoria. Nimekaa pia Kyela, upande wa ziwa Nyasa. Kote huko nilipelekwa kutazama mashamba. Lakini pembeni mwa mashamba niliona watu wakifanya mambo ambayo wao wenyewe walidhani hawayawezi. Wengine walikuwa wacheza ngoma. Wengine walikuwa wafinyanzi. Nataka nawe uwaone.

UWANJANI BUJORA

Ukiwa Mwanza mjini, panda gari liendalo Magu au Musoma. Baada ya kilometa kama 20 utafika Kisesa. Shuka hapo. Uliza njia ya Bujora, kila mtu anaijua. Utapita kati ya mawe makubwa, yale mawe ya Usukumani yaliyopandana kama kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Huko kuna Makumbusho ya Wasukuma. Padri mmoja kutoka Kanada, jina lake David Clement, ndiye aliyeyaanzisha pamoja na wazee wa Kisukuma, miaka ya 1950 na 1960. Ndani utaona ngoma za watemi, viti vyao, na vyombo vya wahunzi. Watazame, lakini usikae sana. Ngoma iliyotundikwa ukutani ni kama jembe lililotundikwa darini.

Nenda mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma ni maua. Sikukuu hiyo ilianza kanisani, siku ya Ekaristi, watu walipopamba njia kwa maua. Sasa wanakuja watu wa dini zote na wasio na dini. Wanakuja kutazama ngoma.

Lazima kwanza ujue habari ya Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma. Vilianza zamani, katika karne ya 19. Wazee husimulia kuwa palikuwa na waganga wawili hodari wa ngoma. Mmoja aliitwa Gumha, wa pili aliitwa Ngika. Kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye mkubwa. Wakashindana. Wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika. Mpaka leo vikundi vya ngoma vya Usukumani hujiweka upande mmoja au wa pili. Unaweza kumkuta kaka ni Mgika na mdogo wake ni Mgalu, wanakula sahani moja, lakini siku ya ngoma hawasalimiani.

Sasa sikia jinsi wanavyoshindana. Vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja, saa ile ile. Kimoja hukaa upande huu, kimoja upande ule. Ngoma zinaanza pamoja. Watazamaji ndio hukumu. Wakivutwa na Bagika, watahamia kwa Bagika. Wakivutwa na Bagalu, watakimbilia kwa Bagalu. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Aliyeshindwa hana haja ya kuambiwa, maana anaona uwanja wake mtupu na vumbi tu.

Fikiri, ndugu msomaji. Wewe unacheza kwa nguvu zako zote. Jasho linakutoka. Watu wanakugeuzia mgongo, wanakwenda kwa mwenzako. Utafanya nini? Ukirudia mchezo wako wa jana, umekwisha. Kwa hiyo kila mwaka lazima ulete jambo jipya. Ndiyo maana utaona mtu anacheza na chatu shingoni. Utaona mwingine amepanda miti mirefu miguuni. Utaona wengine na nungunungu, maana wawindaji wa nungunungu nao wana ngoma yao. Wapo wanaotumia dawa ya kuvutia watu, wenyewe huiita samba. Kuhusu dawa hiyo mimi sisemi kitu, cheti changu ni cha kilimo. Ila niliona kwamba wenye dawa na wasio na dawa wote walifanya mazoezi usiku, mwezi mzima, baada ya kuvuna.

Mwaka mmoja nilimwona manju wa kikundi kimoja, mtu mfupi, mwembamba, wa makamo. Wapinzani wake walileta chatu wawili. Watu wote walikimbia kwa wenye chatu. Kwa yule manju walibaki watoto na mbwa. Vijana wake wakaanza kupiga ngoma kwa haraka zaidi, kwa fujo, kama mtu anayezama majini. Yeye akainua mkono. Ngoma zote zikanyamaza. Kimya! Upande mmoja wa uwanja kelele, upande wa pili hakuna hata sauti ya kuku. Watu wakageuka. Wakadhani kuna aliyeanguka, labda amekufa. Wakaja mbio kutazama. Wakamkuta manju amelala chali, jembe limesimama kwenye paji la uso wake, naye anaimba taratibu, peke yake. Akaanza kuinuka. Goti moja. Goti la pili. Jembe halikuanguka. Aliposimama wima, ngoma zote zikalia pamoja. Watu hawakuondoka tena mpaka jua linazama.

Nilimwuliza baadaye, "Mzee, jambo lile ulilijua tangu zamani?"

Akacheka. Akasema, "Bwana shamba, la jembe nilijifunza mwaka mzima. La kunyamaza sikujua. Nilipoona watoto na mbwa, ndipo nikajua."

Kijana mmoja katika kikundi hicho nilimfahamu. Katika mkutano wa kijiji hakuweza kusema neno. Akiulizwa jina, anatazama chini. Siku ile alijibu wimbo wa manju mbele ya watu wasiohesabika, sauti yake ikasikika mpaka barabarani. Kesho yake mkutanoni alitazama chini kama kawaida. Nasema hivi usije ukadhani kuwa ngoma hubadilisha mtu mara moja kama kuvua shati. Lakini mwaka wa pili alikuwa mweka hazina wa kikundi. Mweka hazina hawezi kutazama chini, maana watu wanauliza fedha zao.

JEMBE NA NGOMA

Katika ngoma zote za Usukumani, mimi naipenda bugobogobo. Labda ni kwa sababu ya kazi yangu. Bugobogobo huchezwa na majembe. Wachezaji huyarusha juu, huyazungusha, huyadaka. Ngoma zake ni kubwa, mlio wake unaingia tumboni. Siku hizi utaiona katika sherehe, hata za mijini. Lakini ilitoka shambani.

Zamani kijana wa Kisukuma alijiunga na kikundi cha kulima. Mwenye shamba alikialika kikundi. Walikuja alfajiri na ngoma yao. Walilima kwa mstari, jembe linapanda pamoja, linashuka pamoja. Mwenye shamba aliwalipa chakula, au ng'ombe, au fedha. Miaka ya 1950 kilimo cha pamba kilipopanuka sana Usukumani, vikundi hivi vilipata kazi nyingi. Baadaye plau na ng'ombe wa kukokota vilichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, bado nilikuta vikundi vinavyolima kwa ngoma.

Nilisimama pembeni mwa shamba nikatazama. Wewe ni mkulima, unajua jembe. Mtu akilima peke yake huanza kwa nguvu asubuhi. Jua likipanda, anasimama mara kwa mara. Anatazama alikotoka. Anatazama anakokwenda. Anaona shamba ni kubwa, na hapo ndipo mgongo unaanza kuuma. Katika kikundi mtu hatazami shamba. Anasikiliza ngoma. Mlio unamwambia inua, mlio unamwambia shusha. Pumzi inafuata mlio. Akichoka, jirani wa kulia bado anainua, jirani wa kushoto bado anainua. Atasimamaje peke yake katikati?

Nilimwuliza mzee mmoja aliyelima hivyo ujanani. "Mzee, mlikuwa hamchoki?"

"Tulichoka sana," alisema. "Lakini kila mmoja alisema moyoni, wa kwanza kusimama asiwe mimi."

Hapa lazima niseme neno moja la bwana shamba. Ngoma ikienda mbio mno, jembe haliingii vizuri. Magugu yanafunikwa udongo badala ya kung'olewa, na wiki ya pili yanaota tena. Mpiga ngoma mzuri anajua udongo. Udongo mgumu anapiga polepole. Udongo mwepesi anaongeza. Nimewaona wapiga ngoma wa namna hiyo. Wangekuwa mabwana shamba wazuri.

SAFARI YA IKOMBE

Sasa tuhame. Tuache ziwa Victoria, twende kusini mpaka ziwa Nyasa. Ni mbali sana, lakini kwa gazeti hakuna nauli.

Kutoka Kyela mjini kuna gari liendalo Matema, ufukoni. Mbele ya Matema kidogo kuna Lyulilo. Siku ya Jumamosi hapo kuna soko. Utakuta vyungu vimepangwa mchangani, vikubwa na vidogo. Vyungu hivyo vinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi. Ukitaka kufika Ikombe, panda mtumbwi. Safari ni kama saa moja hivi, au zaidi upepo ukiwa mbaya. Upande mmoja ni maji. Upande wa pili ni milima ya Livingstone, imesimama wima kutoka ziwani kama ukuta.

Nilikwenda huko kwa ajili ya mihogo. Nilipofika nilitazama juu, nikatazama chini. Nilijiuliza watu hawa wanalima wapi? Mahali pa tambarare ni padogo sana. Ndipo nikaelewa kwa nini wanawake wa Ikombe ni wafinyanzi. Shamba lao ni udongo, lakini si wa kupanda. Waume huvua samaki, na wengine hupeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi. Wanawake hufinyanga. Binti hujifunza kwa mama, na mama alijifunza kwa bibi. Vyungu vya Wakisi vimesafiri mbali kando ya ziwa hilo tangu zamani.

Kazi yenyewe ni hivi. Udongo huondolewa mawe na mizizi. Hukandwa sana, kwa mikono au kwa miguu, mpaka usiwe na hewa ndani. Mfinyanzi huweka donge juu ya kigae. Mkono mmoja huzungusha kigae. Mkono wa pili huvuta udongo kwenda juu. Chungu kikikauka kidogo husuguliwa kwa jiwe laini mpaka kinang'aa. Hupambwa kwa udongo wa rangi. Kisha hukaa kivulini siku nyingi. Mwisho huchomwa nje, katika moto wa kuni na majani.

Pale kwenye moto ndipo moyo wa mfinyanzi unapodunda. Kama ndani ya udongo kumebaki maji, moto huyageuza mvuke. Mvuke unatafuta njia ya kutoka. Chungu kinapasuka, pa! Kazi ya wiki mbili inakuwa vigae.

Nilifikia karibu na nyumba ya mama mmoja mjane. Alikuwa fundi wa vyungu vya kupikia na mitungi ya kawaida. Siku moja mgeni mwenye nyumba ya wageni ufukoni alimwagiza mtungi mkubwa, wa kufika kiunoni mwa mtu mzima. Bei aliyoitaja ilitosha kununua bati za kumalizia paa. Mvua ilikuwa haiko mbali. Yule mama alikubali. Mgeni alipoondoka, akakaa chini akashika kichwa.

"Bwana shamba," aliniambia, "mimi sijawahi kufinyanga kitu kirefu kuliko mkono wangu."

Huu ulikuwa mpaka wa kweli. Mfinyanzi hutia mkono mmoja ndani ya chungu na mkono mmoja nje. Udongo huwa kati ya mikono miwili. Mkono wa ndani usipofika chini, utajuaje kama ukuta ni mnene au mwembamba? Tena udongo mbichi ni laini. Ukiupandisha sana, unalegea, unakaa chini kama mlevi.

Mtungi wa kwanza ulianguka kabla hajafika nusu. Wa pili alimaliza, kwa sababu alijifunza kungoja. Alijenga mpaka urefu wa kiwiko, akaacha. Akafunika ukingo kwa majani mabichi ili ukingo tu ubaki laini. Kesho yake sehemu ya chini ilikuwa imekaza. Ikaweza kubeba. Akaongeza juu yake. Hivyo hivyo siku kwa siku. Mtungi ukasimama, mzuri kabisa. Lakini upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Motoni ukapasuka.

Nilifikiri ataacha. Jirani zake nao walifikiri hivyo, na mmoja alimwambia kwa upole, "Dada, rudisha malipo ya mbele, ufanye vyungu vyako." Yeye hakujibu. Alikaa na vigae vya ule mtungi. Alivipanga mbele yake, akavipima kwa vidole kimoja kimoja. Akaniambia, "Tazama, hapa ni pembamba, hapa ni panene. Mtungi huu ulikuwa mzito. Nilishindwa kuuzungusha sawasawa."

Mtungi wa tatu hakuuzungusha. Aliuweka chini, akauzunguka yeye. Alizunguka kinyumenyume, hatua ndogondogo, mgongo umeinama, mkono ndani na mkono nje. Mara ya kwanza hatua zake hazikuwa sawa. Akisimama, vidole navyo vinasimama, na udongo unabaki mnene pale. Ndipo akaanza kuimba polepole wimbo wa ngoma ya wanawake. Miguu ikafuata wimbo. Mikono ikafuata miguu. Watoto wakacheka, "Mama anacheza ngoma na mtungi!" Naye akacheka, lakini hakusimama.

Mtungi ule ulikaa kivulini muda mrefu kuliko yote. Mgeni alikuja mara mbili kuuliza. Aliambiwa angoje. Siku ya kuuchoma, jirani zake wote walileta kuni, hata yule aliyemshauri kuacha. Moto uliwaka mpaka jioni, ukazimika. Hatukusikia mlio.

MWANAMKE WA NOTI

Huenda unasema, kumbe huyu mama alivumbua jambo jipya. Kwake lilikuwa jipya. Lakini mbali sana, katika nchi ya Nigeria, wako wanawake wanaofinyanga mitungi mikubwa kwa kuizunguka kinyumenyume. Hatujui wao, wala wao hawatujui. Udongo ndio uliowafundisha kitu kimoja.

Mashuhuri kati yao ni Ladi Kwali. Alizaliwa katika kijiji cha Kwali miaka ya 1920. Alijifunza ufinyanzi kwa shangazi yake. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha ufinyanzi alichokuwa amekianzisha Mwingereza mmoja, Michael Cardew, katika mji ulioitwa Abuja, ambao leo unaitwa Suleja. Wengine pale walitumia gurudumu la kufinyangia. Yeye mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akiizunguka. Alialikwa Uingereza na Marekani kuonyesha kazi hiyo mbele ya watu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984. Leo ukishika noti ya naira 20 ya Nigeria, nyuma yake utamwona yeye na mtungi wake.

Tena yuko mwanamke mmoja wa kwetu Afrika Mashariki aliyekwenda kujifunza huko. Ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikuwa amekwenda Uingereza kusomea kazi nyingine ya sanaa. Katikati ya miaka ya 1970 alifika kituo kile cha Nigeria, akakaa na Ladi Kwali na wenzake, akajifunza kujenga chungu bila gurudumu. Vyungu vyake vina shingo na viuno, kama mtu aliyesimama kati ya mchezo wa ngoma. Husuguliwa mpaka vinang'aa. Vingine ni vyekundu. Vingine huchomwa tena, moto ukinyimwa hewa, vikawa vyeusi. Viko katika makumbusho makubwa ya dunia.

Yule mama wa Ikombe sikumweleza habari za makumbusho. Nilimweleza habari ya noti. Alishangaa sana. Akauliza, "Na huyo mwenzangu, mtungi wake kwenye noti hauna ufa?" Nikamwambia hauna. Akasema vizuri.

Bati zake alinunua, akapiga paa kabla ya mvua. Sasa hufinyanga mitungi mikubwa miwili au mitatu kwa mwaka, wenye nyumba za wageni wanapoagiza. Vyungu vya kupikia bado ndivyo vingi, lakini biashara yake si kama zamani. Ndoo za plastiki na sufuria zimejaa sokoni, tena hazipasuki. Mabinti wengine wa kijiji wamekwenda mjini. Wawili wameanza kuja kwake jioni kujifunza mtungi mkubwa. Mmoja anaweza kuimba lakini hatua zake ni ndefu mno. Wa pili hatua zake ni nzuri, ila anaona haya kuimba.

Mtungi wa udongo una faida moja ambayo ndoo haina. Maji yake hubaki baridi hata mchana wa jua kali. Sababu ni kwamba udongo una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji kidogo hutoka nje kupitia vitundu hivyo, hukauka kwa upepo, na yakikauka huondoa joto. Kwa hiyo uweke mtungi wako kivulini, mahali penye upepo, na uufunike vizuri.

Na ukifika Lyulilo siku ya Jumamosi, nenda mapema, kabla wachuuzi hawajachukua vyungu vizuri. Shika chungu kwa mkono mmoja, kigonge kwa kidole cha mkono wa pili. Kikilia kama kengele, lipa. Kikilia kizito, kirudishe chini taratibu, kina ufa.